Nafuta Kauli Yangu Kuhusu Maktaba

Ndugu msomaji, mwaka jana nilialikwa kuzungumza katika warsha moja jijini Dar es Salaam kuhusu vijana na maarifa. Nilipoulizwa juu ya maktaba za umma za wilayani, nilijibu bila kutafakari kwamba zama zake zimepita. Kwamba kila kijana sasa anatembea na maktaba mfukoni. Kwamba majengo yale yamegeuka maghala ya karatasi na yangeweza kupewa kazi nyingine. Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi. Nilirudi kitini nimeridhika, kama anavyoridhika mtu aliyesema jambo jepesi kwa sauti nzito.

Wiki chache baadaye nikapokea ujumbe wa simu kutoka kwa binti niliyemfundisha miaka mingi iliyopita, ambaye sasa ni mkutubi mjini Masasi. Haukuwa na lawama hata moja. "Shikamoo Mwalimu. Nimesikia ulichosema kuhusu sisi. Siku ukija kumwona mama Newala, naomba ushinde nami kazini. Siku moja tu." Sisi tuliolelewa kwenye Uwanda wa Makonde tunaujua uzito wa ombi la adabu. Nilipopata likizo mwishoni mwa Oktoba, nilishukia Masasi kabla ya kupanda nyumbani.

Ilikuwa Jumamosi. Saa moja na nusu asubuhi nilimkuta ameshafungua madirisha na anafuta vumbi mezani kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la Masasi mwezi wa Oktoba ni jekundu na halina haya. Ukilifuta saa moja, saa tatu limerudi. Nilimuuliza kama hakuna mhudumu wa usafi. Alicheka tu, akanipa kitambaa cha pili. Hivyo kazi yangu ya kwanza kama mgeni rasmi ilikuwa kufuta rafu, na katika kufuta ndipo nilipoanza kuona vitabu vyenyewe: migongo iliyoshonwa upya kwa uzi, majalada yaliyogandishwa kwa gundi na kuvishwa nailoni, nambari zilizoandikwa kwa mkono wenye subira.

Nambari hizo zina historia yake. Mpangilio wanaoutumia ulichapishwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Mwaka huohuo Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakapitia Lindi na kuweka makazi hapa Masasi. Wakati watu hao wanaanza upya chini ya milima hii ya mawe, mtu mmoja wa mbali alikuwa anayagawa maarifa yote ya dunia katika mafungu kumi, na hakuwa na habari zao. Ndiyo maana hadi leo Ukristo umepewa sehemu kubwa ya fungu la dini huku Uislamu ukibanwa katika nambari moja, 297, na fasihi ya Kiswahili ikisukumwa hadi 896.392. "Mtoto wa darasa la tano hawezi kufika huko," mkutubi aliniambia. Kwa hiyo ameweka rafu ya chini karibu na mlango, haina nambari yoyote, ina kibao cha kadibodi kilichoandikwa: Hadithi Zetu. Nilimuuliza kama wakaguzi wanaikubali. Alijibu kwamba wakaguzi huja mara chache, watoto huja kila siku.

Saa mbili ilipotimia waliingia wanafunzi wa kidato cha nne. Mtihani wao wa taifa ulikuwa umekaribia, na nyuso zao zilionyesha. Hapa ndipo maneno yangu ya warshani yalipoanza kunirudia. Wengi hawakuwa na simu. Waliokuwa nazo walikuwa na simu za kitochi, na wachache wenye simu janja walikuwa wameishiwa bando. Kitabu kimoja cha baiolojia kilikuwa kinahitajika na wanafunzi tisa. Mkutubi alikigawa kwa saa. Alitoa karatasi, akaandika majina, akaweka saa ya ukutani mbele yao, na kila mmoja akapewa dakika zake. Anayesubiri alipewa jambo la kusoma katika kitabu kingine kinachoelekea mada ileile. Palipozuka ubishi, aliuamua kwa sentensi moja: "Mdogo wangu, wewe ulikaa nacho jana, mwache mwenzako." Sikuwahi kuona usimamizi wa rasilimali adimu uliofanywa kwa haki kiasi kile, nami nimeshiriki vikao vingi vya bajeti.

Binti mmoja alimwendea na kumwomba kitabu cha majibu ya mitihani iliyopita. Mkutubi hakukataa, wala hakumpa. Alimuuliza ni swali gani linalomsumbua. Binti akataja somo zima. Akaulizwa tena, taratibu, mpaka ikabainika kwamba hakuelewa jambo moja tu la urithi wa sifa kutoka kwa wazazi, na aibu ya kutolielewa ndiyo iliyomfanya atafute majibu ya kukariri. Alipewa kurasa nne za kusoma. Baada ya nusu saa nilimwona akimweleza mwenzake kwa kalamu na karatasi. Nimekuwa mwalimu kwa miaka karibu ishirini, na bado sina hakika kama mimi ningevuka swali la kwanza.

Mnamo saa nne aliingia mkulima, mtu wa makamo, kofia mkononi. Msomaji asiye wa kusini na aelewe kwamba Oktoba ni mwezi wa korosho. Minada inaanza, magunia yanasogea kwenye maghala, na kila nyumba inafanya hesabu. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ya mkoa wa Mtwara inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, mzigo unakusanywa ghalani, unauzwa mnadani, na fedha zinamfikia baada ya makato. Mkulima huyu alikuwa na karatasi ya malipo iliyokunjwa mara nne. Bei aliyoisikia ikitangazwa mnadani na fedha alizozipata havikulingana. Alisema, "Binti yangu, mimi sisemi nimeibiwa. Nataka kujua tu hii tofauti inaitwaje."

Nilitamani kuingilia. Nina shahada ya uzamivu. Nilikuwa na hotuba tayari kuhusu ushirika na soko. Mkutubi alinitazama kidogo, nikanyamaza. Alimwambia mkulima, "Baba, mimi si wakili wala si mhasibu. Siwezi kukwambia kama hesabu ni sahihi. Kazi yangu ni kukuonyesha pa kusoma." Akaleta faili ambalo amelikusanya mwenyewe kwa miaka, ofisi moja baada ya nyingine: vijitabu vya Kiswahili vinavyoeleza Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005 na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, pamoja na miongozo ya misimu inayotaja makato. Alifungua sehemu inayohusu wanachama na mkutano mkuu, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akaondoka.

Yule mzee alisoma kwa zaidi ya saa moja. Rula ilishuka mstari mmoja mmoja. Midomo yake ilikuwa inatembea. Mwishowe aliomba kalamu, akanakili aya mbili kwenye daftari la shule, yumkini la mtoto wake, akaandika pembeni maswali matatu ya kupeleka kwenye mkutano wa chama. Huenda makato yote yalikuwa halali. Sijui, naye alipotoka hakuwa amejua. Lakini aliingia akiwa na manung'uniko na akatoka akiwa na maswali, na tofauti ya vitu hivyo viwili ndiyo tofauti kati ya mtu anayetawaliwa na raia.

Nilimuuliza mkutubi kwa nini hakumsomea, maana ingechukua dakika kumi. Alisema: "Mkutanoni atakuwa peke yake, Mwalimu. Mimi sitakuwepo."

Katiba yetu, katika Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupata habari. Mwaka 2016 tulitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hizi ni hatua kubwa, na nimeziandikia makala za kitaaluma. Katika makala hizo zote sikuwahi kuuliza haki hiyo inakaa kwenye meza gani, inafunguliwa saa ngapi, na nani anaifuta vumbi.

Baada ya mkulima alikuja babu mmoja ambaye, nilivyoelezwa, hafiki kwa ajili ya magazeti ingawa huanza kwa kuyapekua. Alisubiri mpaka watu wapungue, kisha akaomba "ile picha ya Mjerumani". Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na kukaa Newala, akipiga picha, akirekodi nyimbo, akikusanya vyungu, vinyago na zana ambazo zilisafirishwa hadi jumba la makumbusho la Leipzig. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Kwa Kiswahili, mkutubi hajapata kukiona. Yeye alikipata kwenye intaneti, akachapisha kurasa zenye picha kwa fedha zake, akaziweka kwenye jalada.

Babu aliangalia kurasa za ufinyanzi. Bibi yake alikuwa mfinyanzi. Alitaja aina ya chungu kwa Kimakonde, akaeleza kilitumika kwa kazi gani na kwa nini mdomo wake ni mwembamba, mambo ambayo hakuyasikia katika maelezo ya picha aliyotafsiriwa. Mkutubi alichukua penseli, akaandika maneno yake pembezoni mwa ukurasa, akaweka tarehe. Nilihesabu maandishi ya namna hiyo kwenye jalada lile. Yalikuwa mengi, kutoka kwa wazee tofauti. Zaidi ya karne moja baada ya mtu mmoja kuja kuandika habari zetu na kuondoka nazo, watu wa Masasi na Newala wanamjibu, kwa penseli, kwenye karatasi za fotokopi. Hakuna chuo kikuu kilichowatuma. Chuo kikuu changu hakikujua.

Saa nane mchana maktaba ilifungwa. Mkutubi akatoa fomu ya takwimu na kujaza: wasomaji 42, vitabu vilivyoazimwa 11, vilivyorudishwa 8. Kulikuwa na safu ya wanaume, ya wanawake, ya watoto. Nilitafuta safu ambayo ingempokea binti wa baiolojia, au mkulima na maswali yake matatu, au babu na chungu cha bibi yake. Haikuwepo. Kwenye fomu ile mkulima alikuwa alama moja ya wino, sawa na kijana aliyeingia kukwepa jua.

Ndipo alipofungua saraka na kunipa nakala ya waraka. Mwenzake wa wilaya nyingine, si Masasi wala Newala, alikuwa amemtumia. Ulikuwa pendekezo la kugeuza jengo la maktaba yao kuwa ofisi. Katika aya ya tatu niliyasoma maneno yangu mwenyewe, karibu yote kama nilivyoyasema, yakitanguliwa na maelezo kwamba wataalamu wa vyuo vikuu wanakubaliana na jambo hilo. Jina langu halikutajwa. Ningependelea litajwe.

"Sikukuita nikuaibishe, Mwalimu," alisema. "Nilitaka uone kwanza, ndipo usome."

Hatukuongea sana baada ya hapo. Kila Jumamosi ya pili yeye hupeleka vitabu Newala, kwa nauli yake, kwa watoto wanaokusanyika kwenye uwanja wa mwalimu mmoja mstaafu. Nilibeba sanduku la bati hadi stendi. Gari likaanza kupanda Uwanda, hewa ikapoa, mikorosho ikasimama pande zote mbili za barabara. Sanduku lilikuwa kwenye magoti yangu, na uzito wake ukanikumbusha kasha jingine.

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata wanawake wa kijiji chetu, ambao asubuhi walikuwa wameteremka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani, jioni walikaa chini ya mwembe na kuandika majina yao. Pamoja na madarasa yale zilikuja maktaba za vijiji. Yetu ilikuwa kasha la mbao chini ya kitanda cha mwalimu. Takwimu rasmi za 1986 zilisema wasiojua kusoma nchini wamebaki chini ya asilimia 10, na mama alikuwa mmoja wa waliohesabiwa upande wa ushindi. Kisha vitabu vipya vikaacha kuja. Vile vya zamani vikaliwa na mchwa. Mimi niliwahi kuvisoma vya mwisho, na ninaamini kabisa kwamba safari yangu ya shahada ilianzia chini ya kitanda kile. Mama hakuwa na cha kusoma tena. Kusoma ni kama kisu; kisiponolewa hushika kutu. Leo anaweza kuandika jina lake. Ujumbe wa simu anasomewa na wajukuu.

Hii ndiyo habari ambayo takwimu zetu hazikuifuata. Tulihesabu waliojifunza, hatukuhesabu waliosahau. Nami, mtoto wa mwanamke aliyesahau kwa kukosa kitabu, nilisimama mbele ya watu na kusema vitabu vya umma havina kazi.

Tulifika Newala saa kumi na moja kasoro. Watoto walikuwa wameshakaa kwenye mikeka. Sanduku lilifunguliwa, vitabu vikaenea mikononi, na kwa muda kukawa na ule ukimya ambao wazazi na walimu wanaujua. Mtoto mmoja alikataa kurudisha kitabu alichoazima wiki mbili zilizopita kwa sababu, alisema, mdogo wake hajakimaliza. Mkutubi alimwongezea muda, akaandika daftarini jina la mdogo mtu kama msomaji mpya.

Jua lilipokuwa linazama nilitembea hadi Shimo la Mungu, pale Uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likajitandaza hadi Msumbiji. Wahenga wa kwingineko walisema maji hayapandi mlima. Hapa kwetu yalipanda, kwa kuwa watu waliamua yapande: yakawekewa pampu na mabomba, na kila pampu ilipoharibika, kina mama waliirudia njia ya bondeni. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa pampu imeharibika, basi watu wa Newala hawana kiu.

Ndugu msomaji, Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967, sehemu kubwa ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Taifa maskini lilichagua siku yake ya Uhuru kufungua nyumba ya vitabu. Sisi tulio na zaidi ya walichokuwa nacho tunaandika waraka wa kuzifunga.

Kwa hiyo nafuta kauli yangu. Nimemwandikia barua aliyeandaa pendekezo lile, nikajitambulisha kuwa ndiye niliyesema, na nikaeleza kwamba nilisema nisilolijua. Sijapata majibu. Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, nina ombi dogo lisilohitaji kamati: kila mnapochapa sheria, mwongozo au kanuni kwa Kiswahili, pelekeni nakala mbili kwenye maktaba ya wilaya, ili mkutubi asilazimike kuzunguka ofisi akiziomba kama sadaka. Kwa wanafunzi wangu: kabla hamjarudia maneno ya mwalimu wenu kuhusu jambo lolote la umma, nendeni mkashinde hapo siku moja. Nanyi wanaharakati, mnapofundisha haki, muulizeni mkutubi wa mahali penu ana faili gani.

Usiku ule mama aliniuliza nilishinda wapi. Nikamwambia nilikuwa maktaba, Masasi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko wana vitabu vyenye herufi kubwa. Nilijibu kwamba nitauliza. Nimeuliza. Wanavyo viwili, na kimoja kilipanda Newala na sanduku la safari iliyofuata.